Skuli imefunga lakini makaratasi ya mtoto yasilale: kuomba EHCP wakati wa likizo huku England

Kila ikikaribia likizo ya kiangazi maswali ni yale yale, mtoto ana usonji, au hazungumzi sawasawa, au hasomi kama wenzake, mzazi anataka kuomba asesimenti ya EHCP (mpango wa kisheria unaoandika mahitaji ya mtoto na msaada anaotakiwa kupewa) na akiuliza anaambiwa we ngoja mpaka skuli ifunguliwe mwezi wa tisa. Jamani msingoje. Anayepokea ombi sio skuli, ni kaunsili, na kaunsili hawafungi ofisi wiki sita ati kwa sababu watoto wako nyumbani. (Nazungumzia England tu hapa, Wales, Scotland na Ireland Kaskazini wana sheria zao.)

Sheria ni Children and Families Act ya 2014, kifungu cha 36. Inampa mzazi haki ya kuomba mwenyewe, huhitaji saini ya mwalimu mkuu wala ya SENCO, yule mwalimu anayesimamia watoto wenye mahitaji maalum. Imeili inatosha. Wakikwambia lazima ujaze fomu yao, ijaze kama unaona raha lakini barua ya kawaida nayo ni ombi halali. Weka jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, skuli yake, halafu useme wazi kwamba ana mahitaji maalum ya elimu au huenda anayo, na kwamba huenda ikahitajika apate msaada kupitia EHCP. Hicho ndicho kipimo cha sheria, hawakutaki uthibitishe kila kitu siku hiyo. Ambatanisha ulichonacho, ripoti za skuli, barua za daktari, za spichi therapi, hata maelezo yako mwenyewe ya siku inavyokwenda nyumbani, na kama kuna ripoti haijafika usikae kuingojea, tuma ombi na useme nyingine inakuja.

Sasa siku zenyewe. Wakishapokea ombi wana wiki 6 za kukujibu kama watafanya asesimenti au hawafanyi, na ikienda mpaka mwisho EHCP kamili iwe imetoka ndani ya wiki 20 tangu siku ya ombi. Hizi ni wiki za kalenda, Krismasi imo, Pasaka imo, hafu temu imo. Kisingizio cha likizo kinakubalika sehemu moja tu, pale skuli inapofungwa wiki 4 au zaidi mfululizo na kaunsili wakawa wameomba maelezo kwa mwalimu mkuu katika kipindi kinachoanza wiki moja kabla ya kufunga mpaka wiki moja kabla ya kufungua. Yaani kiutendaji ni likizo ya kiangazi peke yake. Kwa hiyo ukituma mwanzoni mwa mwezi wa sita kaunsili wanamuandikia mwalimu mkuu wakati bado yuko kazini na hawana la kusema. Ukichelewa tuma vilevile, mana ukingoja mwezi wa tisa hata kuhesabu hakujaanza.

Na hili ndilo linalotuhusu sisi hasa tunaokwenda nyumbani kiangazi. Mtoto akiwa nje ya eneo la kaunsili wiki 4 au zaidi mfululizo, wanaruhusiwa kuvuka muda, na akikosa miadi ya saikolojisti wa elimu hapo pia wanapata sababu. Sisemi msiende Mombasa wala Zanzibar kuwaona bibi na babu, nendeni, lakini kabla ya kukata tiketi waandikie kaunsili tarehe zenu za safari, uombe miadi iwe kabla ya kuondoka au mkisharudi, na kama inawezekana safari iwe chini ya wiki 4.

Ukitaka faili la mtoto kutoka skuli kuna njia mbili na watu wanazichanganya. Rekodi ya elimu katika skuli za serikali za mitaa wanatakiwa kukupa ndani ya siku 15 za skuli, na siku za skuli hazihesabiwi likizo, ukiomba siku ya mwisho ya temu utakaa mpaka mwezi wa tisa ndio hesabu ianze. Ukiomba kwa sheria ya data, ile inayoitwa subject access request, muda ni mwezi mmoja wa kalenda na likizo haiusimamishi (wanaweza kuurefusha kama ombi ni gumu, lakini lazima wakwambie). Mimi kwa likizo ningetumia hii ya pili, na ningeituma kwenye imeili ya ofisi ya skuli sio ya mwalimu mmoja, mwalimu yuko ufukweni na imeili yake inajibu yenyewe kwamba hayupo.

Inatokea pia rasimu ya EHCP ikaja mwezi wa nane. Una siku 15 kwa uchache za kutoa maoni na kutaja skuli unayoitaka. Usiandike "nakubali" kwa kuchoka. Soma sehemu B, hapo ni mahitaji yake, halafu F, hapo ni msaada, na kila hitaji la B lazima liwe na msaada wake F. Ukiona "atapewa fursa ya kupata msaada" kataa, uandike unataka ijulikane nani, mara ngapi kwa wiki, dakika ngapi. SENCO akiwa hapatikani waombe kaunsili kwa imeili waongeze siku, lakini yako ya muhimu yatume ndani ya zile 15 usije ukabaki huna kitu.

Kaunsili wakikataa kufanya asesimenti au kutoa EHCP, barua itakuonyesha njia ya kukata rufaa kwenye SEND Tribunal, mahakama ya mambo ya mahitaji maalum ya elimu, miezi miwili tangu tarehe ya barua, au mwezi mmoja tangu cheti cha usuluhishi (mediation certificate, karatasi ya mshauri wa usuluhishi), linalokuja mwisho ndilo linalohesabika. Siku ya mwisho ikiangukia Agosti, kanuni za Tribunal zinakupa mpaka siku ya kwanza ya kazi baada ya tarehe 31 Agosti.

Mambo ya simu punguzeni, ukiongea na ofisa yeyote muandikie imeili siku ileile, "tumezungumza leo umeniambia hivi na hivi". Kiingereza kikikupa tabu omba mkalimani wa Kiswahili, na usimtumie mtoto mkubwa kutafsiri habari za mdogo wake. IPSEA, shirika la hisani la sheria za elimu maalum, wana barua za mfano bure mtandaoni, na kila kaunsili ina SENDIASS yake, huduma ya ushauri kwa wazazi, ambayo ni bure pia, ila kiangazi foleni inakuwa ndefu, waandikie mapema.

Skuli ikifunguliwa, wiki ya kwanza mtumie SENCO kopi ya ombi na tarehe uliyolituma, umuulize kama kaunsili wameshamuomba maelezo na ameyajibu lini.