Somo: Kuapdeti kompyuta ya nyumbani kwa bando la simu bila kuachwa na MB sifuri

Habari zenu wadau. Somo hili ni la mwenye kompyuta ya Windows nyumbani ambaye intaneti yake inatoka kwenye simu: unawasha hotspoti, unaunganisha, unafanya kazi yako, unazima. Wenye faiba ya kulipia kwa mwezi lisomeni kwa ajili ya wazazi na wadogo zenu.

Lililonisukuma kuandika ni la dada yangu. Yeye ni mwalimu wa sekondari, na Jumatano moja ya Novemba alikuwa anaingiza alama za wanafunzi kwenye mfumo, mwisho wa kuingiza ni usiku uleule. Aliweka bando la GB 3 saa mbili usiku. Kabla ya saa nne ukaingia ujumbe kwamba bando limekwisha, na yeye alikuwa amefungua ukurasa mmoja tu wenye majedwali. Kompyuta ilikuwa imeona intaneti na kuanza kujishushia masasisho (zile apdeti za Windows) kimya kimya. Kesho yake akaipeleka kwa fundi, naye akazima masasisho yote, basi, tatizo limekwisha.

Hapo kwa fundi ndipo palipoliza moyo wangu kuliko bando lenyewe. Mnakumbuka kirusi cha WannaCry? Kilianza kusambaa tarehe 12 Mei 2017, kikafunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi zipatazo 150, hospitali za Uingereza zikiwemo, na kikadai fedha ili kuyafungua. Kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu la Windows ambalo kirusi hicho kilipitia, Microsoft walikwisha kukitoa tarehe 14 Machi, miezi miwili kabla. Kompyuta iliyokuwa imeapdetiwa haikuingilika kwa tundu lile. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: usizime masasisho. Ifundishe kompyuta kuomba ruhusa kwanza.

Hatua ya 1: Mjue anayekula bando

Fungua Settings, ingia "Network & Internet", tafuta "Data usage". Kwenye Windows 11 imefichwa ndani ya "Advanced network settings". Utaona orodha ya programu na kiasi ambacho kila moja imetumia kwa siku 30. Fanya hivi kabla ya kumlaumu mtu. Mara nyingi utakuta majina matatu juu: kivinjari chako, mfumo wenyewe, na OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, inayopandisha picha za harusi ambazo hukuiomba izipandishe.

Hatua ya 2: Iambie Windows kwamba intaneti hii inapimwa

Hii ndiyo nguzo ya somo zima, hata ukiacha nyingine usiache hii. Unganisha kompyuta kwenye hotspoti ya simu yako. Ingia Settings, "Network & Internet", "Wi-Fi", kisha bofya sifa za mtandao uliounganishwa, yaani "Properties". Shuka chini mpaka "Metered connection" uiwashe. Kwenye Windows 10 imeandikwa "Set as metered connection".

Kuanzia hapo Windows inajua kwamba kila MB ina bei. Haishushi masasisho makubwa yenyewe. Inakuonyesha kwamba yapo na kukuwekea kitufe cha "Download" ubofye ukiwa tayari. Programu za Store zinatulia, na OneDrive inasitisha kupandisha. Sasisho dogo la lazima linaweza kupita mara mojamoja, lakini si ule ulafi wa usiku mmoja.

Kuna mambo mawili yanayowaangusha watu hapa. La kwanza, mpangilio huu unakaa kwa kila mtandao peke yake. Ukiwasha kwa hotspoti yako, halafu kesho ukatumia simu ya mume wako, kompyuta inaiona kama mtandao mpya usio na kipimo. Ukibadilisha jina la hotspoti ni vilevile. Washa kwa kila simu inayotumika nyumbani. La pili, ndani ya "Windows Update" kuna "Advanced options", na humo kuna swichi ya "Download updates over metered connections". Hakikisha imezimwa, la sivyo kazi yote uliyofanya ni bure.

Angalizo: kivinjari na programu nyingine za nje hazilazimiki kutii mpangilio huu. Video zinazojicheza zenyewe zitaendelea kukuumiza.

Hatua ya 3: Zima kugawa masasisho kwa watu usiowajua

Windows ina utaratibu unaoitwa "Delivery Optimization": kompyuta moja ikishashusha sasisho, inaweza kuzipa nyingine vipande vyake. Ndani ya nyumba yenye kompyuta mbili au tatu ni jambo zuri, ya kwanza ishushe, nyingine zichote kwake. Chagua "PCs on my local network" na usichague ile inayotaja intaneti. Mwenye kompyuta moja azime tu.

Hatua ya 4: Chagua siku yako

Microsoft hutoa masasisho ya usalama kila Jumanne ya pili ya mwezi. Kwa saa za Afrika Mashariki ni saa 2 au saa 3 usiku, kutegemea majira ya kule Marekani. Jumatano ya dada yangu ilikuwa siku moja baada ya Jumanne hiyo, ndiyo maana kompyuta ilikuwa na njaa kiasi kile. Ukijua hili unaweza kupanga mwezi wako.

Mimi nangoja mpaka Jumamosi inayofuata. Kama sasisho lina kasoro, siku tatu nne zinatosha kelele kusikika na wenyewe kulirekebisha. Nanunua bando la usiku, nahakikisha betri imejaa na waya umechomekwa, nafunga kila kitu kingine, halafu nabofya "Download" mwenyewe. Likishashuka lote nazima hotspoti, kwa kuwa kusakinisha sasisho la mwezi kwa kawaida hakuhitaji intaneti tena. Kisha "Restart now", naiacha imalize.

Yale yaliyoandikwa "Optional" au "Preview" mwishoni mwa mwezi usiyaguse. Ni majaribio ya yatakayokuja Jumanne ya pili ijayo. Yatakuja tu siku hiyo, huna haja ya kuyalia bando sasa.

Hatua ya 5: Kama bando halitoshi kabisa, beba kwa flashi

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, bofya OK. Andika kwenye karatasi toleo unaloliona, mfano 22H2. Andika pia kama mfumo wako ni wa biti 64. Karibu zote ni hivyo siku hizi. Nenda penye intaneti ya kutosha, ofisini au kwa jirani mwenye faiba, fungua catalog.update.microsoft.com, tafuta sasisho la jumla la mwezi huo, yaani "Cumulative Update", linalolingana na toleo lako. Faili linaishia na .msu. Nyumbani unalibofya mara mbili, linajisakinisha.

Kwa Windows 11 za karibuni mafaili haya yamekuwa makubwa, GB kadhaa, makubwa kuliko yale yanayoshuka kwa njia ya kawaida. Nenda na flashi ya GB 16, na iwe imefomatiwa kwa exFAT au NTFS. Flashi ya FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4 hata kama ina nafasi tele. Nimeona mtu akirudi mikono mitupu kwa sababu hiyo. Ukitumia kompyuta ya steshenari, ukifika nyumbani bofya flashi kwa kitufe cha kulia uichanganue kwa Defender, kinga ya virusi ya Windows yenyewe, kabla ya kufungua chochote. Ukiona folda zako zimegeuka njia za mkato ("shortcut"), hiyo ni dalili ya kirusi, usibofye hata moja.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Morogoro: *Mkuu, mimi situmii Wi-Fi. Laptopu yangu Wi-Fi imekufa, natumia simu kwa waya wa USB. Hiyo sehemu ya kipimo siioni.*

Kaka, ukichomeka simu kwa waya kompyuta inaiona kama mtandao wa kebo. Badala ya "Wi-Fi" ingia "Ethernet", bofya mtandao ulioorodheshwa hapo, "Metered connection" utaikuta chini. Baadaye rudi uangalie kama imebaki imewashwa. Ukichomeka simu nyingine, kompyuta inaweza kuihesabu kuwa mtandao mpya.

Mama mmoja wa Tanga: *Mwanangu, kompyuta yetu ya mezani kila asubuhi saa inarudi nyuma miaka mingi. Tovuti zote zinasema si salama, na sasisho linagoma. Fundi anataka kupiga Windows upya.*

Shikamoo mama. Usikubali kupigiwa Windows upya kwa hilo kabla hujajaribu betri. Ndani ya kompyuta, kwenye ubao mkuu, kuna kibetri cha duara kama sarafu kinachoitwa CR2032. Ndicho kinachotunza saa umeme unapozimwa. Kimeisha. Tarehe ikiwa ya zamani, kompyuta inasoma vyeti vya usalama vya tovuti na kuona havijaanza kutumika, kwa hiyo inakataa kila mlango, mlango wa masasisho ukiwemo. Chomoa umeme kabisa, fungua ubavu wa kompyuta, bonyeza kijishikizo kibetri kiruke, weka kipya maandishi ya jumlisha yakitazama juu. Kinauzwa penye betri za saa. Kisha rekebisha tarehe. Kuna kompyuta nyingi za mtumba zinasingiziwa kufa kwa sababu ya kidude hiki.

Mdau wa Mwanza: *Umeme ulikatika ikiwa asilimia 30. Sasa inawaka, inazunguka, inazima, inawaka tena.*

Pole sana. Kwanza iache kama saa moja au mbili, hasa kama ina diski ya kuzunguka. Mara nyingi inakuwa inatengua ilichoanza kukifanya. Taa ya diski ikipepesa, ina kazi, usiizime. Ikishindikana, iwashe na uizime kwa kushikilia kitufe cha kuwashia pale nembo inapotokea, mara tatu mfululizo. Itakupeleka kwenye skrini ya bluu ya ukarabati. Chagua "Troubleshoot", "Advanced options", kisha "Uninstall Updates", uondoe lile la karibuni. Mafaili yako hayaguswi. Siku nyingine, wenye kompyuta za mezani bila UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) wasisakinishe siku ambayo umeme unachezacheza.

Mdau wa Mombasa: *Mimi nina Windows 10 na nasikia imefika mwisho. Mashine ni ya kizazi cha sita, Windows 11 inaikataa. Nitupe?*

Usitupe ndugu yangu. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani, ESU, unaofika tarehe 13 Oktoba 2026. Uko ndani ya "Windows Update" penyewe. Unaweza kujiunga bila malipo ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwa akaunti ya Microsoft, au ukalipa dola 30 mara moja, na leseni hiyo inatosha kompyuta hadi 10 za akaunti moja. Windows 11 inataka TPM 2.0, yaani kijenzi cha usalama ndani ya mashine, na kwa prosesa za Intel kwa kawaida kuanzia kizazi cha nane, ndiyo maana yako inakataliwa. Njia za kulazimisha zipo, sizipendekezi kwa mashine yenye kazi zako. Kwangu mashine ya namna hiyo naiwekea SSD, diski ya kasi isiyozunguka, na Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows na unaoridhika na RAM ya GB 4. Barua, kivinjari na LibreOffice, programu za bure za namna ya Word na Excel, vinafanya kazi vizuri. Ijaribu kwanza kwa flashi bila kuisakinisha.

Mdau wa Bukoba: *Diski yangu ni ya GB 64 tu, inasema nafasi haitoshi kuapdeti.*

Ingia Settings, "System", "Storage", "Temporary files". Tiki masalia ya masasisho ya zamani na mafaili ya muda. Tahadhari kubwa: kwenye orodha hiyohiyo kuna "Downloads", nayo ni folda yako yenye vyeti na fomu ulizoshusha. Usiitiki. Bado haitoshi? Chomeka flashi tupu. Kuna masasisho makubwa ambayo Windows itakuuliza kama iitumie kwa nafasi ya muda.

Dada wa Dodoma: *Na sisi ambao fundi alishazima kila kitu kama kwa dada yako?*

Dada, bonyeza Windows na R, andika services.msc. Shuka mpaka "Windows Update", bofya mara mbili, na pale penye "Startup type" weka "Manual" badala ya "Disabled", kisha "Apply". Ila kabla ya kugusa hapo, unganisha hotspoti na ufanye Hatua ya 2 kwanza, vinginevyo malimbikizo ya miezi yote yatashuka kwa pupa. Kama hali inarudi kuwa "Disabled" kila ukiwasha, basi aliweka programu ya kuzuia masasisho; itafute kwenye orodha ya "Apps" uiondoe. Kwa dada yangu ilikuwepo.