Namna ninavyopiga picha gwaride la Mtakatifu George Uingereza, hatua kwa hatua

Mwaka wangu wa kwanza Uingereza nilijua jambo moja tu kuhusu Mtakatifu George, msimamizi wa nchi hii: sikukuu yake ni tarehe 23 Aprili. Nikaomba ruhusa kazini, nikachaji betri, nikapanda treni ya alfajiri hadi mji jirani, maana niliambiwa kuna gwaride kubwa. Nilikuta watu wanawahi kazini na bendera moja juu ya mnara wa kanisa. Gwaride lilikuwa limepangwa Jumapili. Ile siku ya mshahara niliyoipoteza iliniuma, ndiyo maana naanza na kalenda kabla ya kamera.

Hatua ya 1: Hakikisha tarehe

Sikukuu hii si siku ya mapumziko Uingereza, kwa hiyo miji mingi hufanya gwaride wikiendi iliyo karibu na tarehe 23. Pasaka nayo huvuruga hesabu. Tarehe hiyo ikiangukia Juma Kuu au juma la Pasaka, Kanisa la Anglikana huisogeza sikukuu mbele. Mwaka 2025 Pasaka ilikuwa 20 Aprili, na kanisa likamwadhimisha George tarehe 28. Halmashauri ya mji na skauti wanaweza kuwa na siku yao wenyewe. Soma ubao wa matangazo wa kanisa, angalia tovuti ya halmashauri, kisha piga simu uulize mambo matatu: wanakusanyika wapi, wanapita njia gani, wanaishia wapi. La kwanza ndilo muhimu kuliko yote.

Hatua ya 2: Tembea njia siku moja kabla, saa ileile

Sisi tuliojifunzia kamera Dar au Mombasa tumezoea jua la utosini. Saa sita mchana unakaa chini ya mwembe, unangoja jioni. Huku sivyo. Mwishoni mwa Aprili jua la London likifika juu kabisa, yapata saa saba mchana, liko digrii 51 hivi kutoka upeo wa macho, upande wa kusini. Utosini halifiki hata siku moja ya mwaka. Kwa hiyo adhuhuri unaweza kufanya kazi nzuri kabisa, ila nyumba za upande wa kusini wa barabara hutupa kivuli kirefu juu ya lami.

Kivuli hicho ndicho ninachokitafuta. Nasimama kwenye kona ambapo gwaride linatoka kivulini na kuingia juani. Napima mwanga wa sehemu yenye jua, nyuma kote nakuacha kuwe giza. Mshika bendera akikanyaga ule mstari wa jua, weupe wa bendera unawaka, na mabango ya maduka, magari na watu wenye simu vyote vinazama gizani. Kona ina faida nyingine: safu zikikata zinapunguza mwendo, na yule wa pembeni hugeuza uso kumtazama mwenzake. Kukiwa na mawingu, na mara nyingi yapo, kona hiyo haikusaidii kitu. Sogea karibu na watu, achana na mandhari.

Hatua ya 3: Bendera nyeupe, msalaba mwekundu

Bendera hii itakuharibia picha nyingi usipoielewa. Kamera ikiachwa iamue yenyewe hutaka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Bendera ikijaza fremu, weupe unatoka kama shuka lililofuliwa bila sabuni: ongeza mwanga kwa theluthi mbili ya stopu hadi stopu moja (stopu moja ni kuzidisha mwanga mara mbili). Bendera ikiwa ndogo mbele ya barabara yenye kivuli, mambo yanageuka. Kamera inaona giza, inaongeza mwanga, kitambaa kinaungua, huoni hata mikunjo. Hapo punguza kiasi kilekile. Wekundu nao hujaa upesi. Ukiona msalaba umekuwa bapa kama rangi ya ukutani, hauna nyuzi, umezidisha. Piga kwa RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, upate nafasi ya kusahihisha jioni.

Hatua ya 4: Fika saa nzima kabla

Gwaride likishaanza, kila mtu amevaa uso wa gwaride. Kabla ya hapo, kwenye maegesho ya magari nyuma ya ukumbi wa kanisa, watu ni watu. Mpiga tuba anaifuta tuba yake kwa kitambaa, na mdomoni mwa tuba unaona mtaa mzima umejikunja. Mwaka mmoja nilimwona skauti mdogo akihangaika kuchomeka mlingoti kwenye kikombe cha ngozi kilichoning'inia mbele ya tumbo lake. Mlingoti ulimzidi kimo kwa mbali. Kiongozi wake, mama wa makamo, akapiga goti, akakishika kile kikombe kwa mikono miwili, na mlingoti ukaingia. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwao, lenzi ya milimita 35, apacha (tundu la kupitisha mwanga kwenye lenzi) 2.8. Picha ina mikono minne, ngozi iliyochakaa na pindo la bendera. Hakuna sura hata moja, na ndiyo picha yangu bora ya George mpaka leo.

Skauti utawakuta karibu kila mji, kwa sababu George ni msimamizi wao pia. Katika msimu huu huandamana na kurudia ahadi yao. Mwanzilishi wao, Baden-Powell, alifariki mwaka 1941 na amezikwa Nyeri, Kenya. Ukimtajia Nyeri kiongozi wa skauti, mazungumzo yanafunguka yenyewe. Hilo lina uzito, maana barabarani sheria ya hapa haikulazimishi kuomba ruhusa ya kupiga picha, lakini watoto siwapigi kabla ya kuzungumza na kiongozi na mzazi. Nafanya hivyo kamera ikiwa bado begini.

Wenzangu weusi huniuliza kama ni salama kwenda penye bendera hizo. Swali ni la haki. Kwa miaka mingi wabaguzi wameipeperusha bendera hii, na ilipojaa viwanjani kwenye mashindano ya soka ya Ulaya ya 1996 wengi waliona kama imerudi mikononi mwa watu wote. Mimi huchagua magwaride ya halmashauri, kanisa na skauti, yenye familia na bendi, na humo nimepokelewa vizuri. Mkusanyiko nisiojua umeitishwa na nani, siendi.

Hatua ya 5: Kasi ya shata

Shata ni pazia la kamera, na kasi yake huhesabiwa kwa sehemu za sekunde. Watu wanaotembea, 1/500. Bendera kwenye upepo, 1/1000. Fimbo za ngoma ukitaka zionekane zinakimbia, 1/30, na ushikilie pumzi. Wachezaji wa morris, ngoma ya jadi ya Uingereza, wana njuga miguuni na leso mikononi, na huruka kwa kufuata mdundo. Weka kamera chini dakika nzima, sikiliza njuga. Ukishaujua mdundo, bonyeza mguu unapoondoka chini. Ukingoja uwaone angani umechelewa. Usiongozane na gwaride mwendo wote. Vituo vitatu vinatosha, upite vichochoroni kati ya kimoja na kingine. Ndani ya kanisa omba ruhusa, zima fleshi.

Hatua ya 6: Ukishalizoea hili

Mwezi Juni nenda St Albans, wanapomkumbuka Alban, shahidi wa kwanza wa Uingereza, kwa vikaragosi wakubwa kuliko watu wanaobebwa hadi kanisa kuu. Rudi nyuma kwa lenzi ndefu, la sivyo utakata vichwa.

Lakini kabla ya hapo kuna Helston, Cornwall, mji wa Malaika Mikaeli. Kila tarehe 8 Mei (ikiwa Jumapili au Jumatatu, huwa Jumamosi iliyotangulia) wanacheza tangu asubuhi, bendi ikiwaongoza, wakiingia kwenye nyumba na maduka na kutokea upande wa pili. Ngoma ya saa sita mchana wanaume huvaa kofia ndefu, wanawake magauni marefu. Tafuta mlango wanaotokea, ambao ndani yake ni giza na nje kuna jua, nawe utakuwa umeipata tena ile kona ya hatua ya pili. Pima mwanga wa barabarani, fokasi iweke kwenye kizingiti, usikilize bendi ikikaribia.