Somo: Kuandika muswada wa filamu ya samurai mpelelezi wa mauaji

1. Chagua mji na mwaka. Chukua Edo, Tokyo ya leo, kati ya 1742, sheria za jinai za shogun (mtawala wa kijeshi wa Japani) zilipokusanywa, na 1853, meli za kivita za Marekani zilipotia nanga. Ni zama za amani. Panga ziko viunoni ila hazichomolewi ovyo, kwa hiyo maiti mmoja tu anatosha kubeba filamu nzima.

2. Mpe cheo. Kinachofaa zaidi ni dōshin, samurai wa ngazi ya chini katika ofisi ya hakimu wa mji. Hubeba jitte, fimbo ya chuma yenye kulabu ya kunasia upanga, maana mtuhumiwa anatakiwa hai ili akiri.

3. Mchoree mipaka. Hapa ndipo miswada mingi inapoharibika. Dōshin ana mamlaka juu ya raia wa mjini tu. Mahekalu yana hakimu wake, na jumba la daimyo, bwana mtawala wa jimbo, hujiamulia mambo yake. Muuaji akishaingia lango la hekalu, mpelelezi hubaki nje akiomba kibali. Usimruhusu aruke ukuta ukurasa unaofuata! Kizuizi hicho kiweke katikati ya filamu, kwani ndicho kinachomlazimisha kutumia akili badala ya upanga.

4. Panga usiku wa mauaji. Malango ya mitaa hufungwa kama saa nne usiku. Anayechelewa hupitishwa mlango mdogo wa pembeni, na mlinzi hugonga vibao kumjulisha mwenzake wa lango la mbele. Basi kila anayetembea usiku ana shahidi. Usimwandikie mhusika "dakika kumi": muda ulijulikana kwa kengele, na kipindi kimoja kilikaribia saa mbili zetu, cha mchana kikirefuka wakati wa kiangazi.

5. Ficha ushahidi ndani ya upanga. Muuaji hufuta chuma kwa karatasi, kisha hukipaka mafuta ya karafuu; kwa macho kimetakata. Mpelelezi agonge kijiti cha mwanzi kinachoshika mpini, kitoke, auvue mpini wote. Damu imepenya chini ya kikingio cha mkono na kukauka kwenye mti. Picha iwe ya karibu sana, bila muziki.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, naweza kumnasa muuaji kwa sababu anatumia mkono wa kushoto?*
Hapana. Samurai walivaa upanga kushoto na kufunzwa kuuchomoa kwa mkono wa kulia, hata aliyezaliwa na shoto. Tumia adabu ya ugenini: aliyeketi kwa amani huweka upanga kuliani kwake. Ukikutwa kushotoni, alijiandaa kuuchomoa.

*Na alama za vidole?*
Bado. Barua ya Henry Faulds, daktari Mskoti, kutoka Tokyo kuhusu alama hizo ilichapishwa 1880, miaka 12 baada ya utawala wa shogun kuanguka. Tumia nyayo za geta, viatu vya mti vyenye meno mawili, ambayo hulika upande kufuatana na mwendo wa mvaaji.

*Wangu ni rōnin, hana bwana. Inakubalika?*
Inakubalika, ila hana haki ya kukamata mtu. Mpe dōshin anayemwamini. Na kumbuka rōnin yuko chini ya hakimu wa mji kama raia wengine, hivyo akikutwa penye maiti, wa kwanza kufungwa kamba ni yeye.