SOMO: Kurusha maulidi mubashara kwa kivinjari bila dufu kumezwa

Assalaam alaykum. Mfunguo Sita uliopita nilirusha maulidi ya madrasa yetu hapa Chake Chake. Picha ilitoka safi. Robo saa haijatimia, shangazi yangu aliyeko Maskat akanitumia ujumbe wa sauti: “Mwanangu, midomo naiona, dufu silisikii. Mnalipiga au mnalipapasa?”

Nikabadilisha maiki, nikabadilisha waya, wapi! Kumbe mla dufu ni kivinjari chenyewe. Ndiyo maana ya somo hili.

1. Vifaa. Laptopu au simu yenye Chrome, na maiki ukiwa nayo. Hakuna programu ya kupakua.

2. Linki ya kurushia. Natumia VDO.Ninja, tovuti ya kurushia picha na sauti, ni ya bure na haitaki akaunti. Andika hivi kwenye kivinjari:

`https://vdo.ninja/?push=dufu7351&quality=2&aec=0&denoise=0&autogain=0`

Hilo “dufu7351” ni jina la kubuni. Weka lako, na lisiwe jepesi kukisiwa. “quality=2” inashusha picha iwe ndogo, maana bando letu tunalijua.

Hizo sifuri tatu za mwisho ndizo roho ya kazi. Kivinjari kinachukulia kwamba kila anayewasha maiki anataka kuzungumza, kama mtu yumo kwenye mkutano. Kwa hiyo kinafanya mambo matatu bila kukuuliza: kinafuta mwangwi, kinafuta kelele, na kinapandisha au kushusha sauti chenyewe. Kwa maongezi ni sawa kabisa. Lakini dufu kwake ni kelele tu, sawasawa na feni. Na kwenye kasida, msomaji mmoja akisoma polepole sauti inavutwa juu. Waitikiaji wakipokea kwa pamoja, inakandamizwa papo hapo. Anayesikiliza anahisi kama kuna mtu anafungua na kufunga mlango. Wapiga udi na kanuni wa taarabu nao yanawakuta hayo hayo. Ukiweka sifuri, sauti inapita kama ilivyo.

Ukishazima hivyo, kazi ya kupima sauti ni yako. Waambie wapige kwa nguvu zote kabla ya kuanza, na maiki ikikwaruza isogeze nyuma. Mimi naiweka hatua tatu kutoka kwenye safu ya mbele, juu ya stuli.

3. Ruhusa. Kivinjari kitauliza kuhusu kamera na maiki. Kubali, chagua vifaa vyako, anza.

4. Linki ya watazamaji. `https://vdo.ninja/?view=dufu7351&vb=800&ab=128`

Yaani picha kilobiti 800 kwa sekunde, sauti 128. Kwa saa moja ni kama MB 418 kwa kila mtazamaji. Nasema kila mtazamaji kwa sababu picha inatoka kwako moja kwa moja hadi kwake. Wakiwa watano, zaidi ya GB 2 zinatoka kwenye bando lako. Hii ni ya jamaa wachache. Ukitaka watu mia, nenda YouTube.

MASWALI

Swali (Wete): Kaka, simu yangu ilikatika katikati ya kisimamo. Mtandao ulikuwepo.

Jibu: Ulipigiwa simu, au skrini ilijizima? Vyote viwili hukata kamera. Mimi naweka hali ya ndege kisha nawasha waifai ya ruta. Hilo nimefunzwa na mama mkwe, alipiga kuuliza kama wali umeshapakuliwa.

Swali (Mkoani): Sauti inajirudia mpaka inapiga mluzi.

Jibu: Kuna mtu hapo ukumbini kafungua linki ya kutazama na simu yake ina sauti. Mtafute umzimie, kwani kifuta mwangwi tumeshakizima.

Swali (Unguja): Sheikh, nimetengeneza ukurasa wangu. Kwenye laptopu kamera inawaka, nikiufungua kwenye simu kwa http://192.168.1.5 kimya, hata ruhusa haiombi.

Jibu: Kivinjari hakitoi kamera kwa anwani isiyo na https. Laptopu inakubali kwa sababu localhost, yaani anwani ya kompyuta yenyewe, imesamehewa. Weka cheti cha https, na kwenye getUserMedia, ile amri ya ukurasa inayoomba kamera na maiki, andika:

`audio: {echoCancellation: false, noiseSuppression: false, autoGainControl: false}`

Swali (Chake Chake): Mwanangu, sisi upande wa wanawake kamera hatuitaki, lakini kasida tunataka zisikike kwa wenzetu Maskat.

Jibu: Shikamoo mama. Kwenye linki ya kurushia ongeza `&vd=0`, kamera haiwaki kabisa, inakwenda sauti tupu. Kisha mwishoni mwa linki zote mbili ongeza `&password=` na neno lenu moja la siri, mumpe mnayemtaka tu. Na bando litawashukuru: kilobiti 128 ni kama MB 58 kwa saa.

Swali (Chake Chake): Na hiyo simu tuishike mkononi?

Jibu: La mama, ilazeni juu ya mto, mbali kidogo na madufu. Ikilala sakafuni inasikia miguu zaidi kuliko kasida.