Kuchagua risiva ya sinema ya nyumbani: wati za kweli, HDMI na volti

Kabla hujauliza bei ya risiva (kifaa kinachopokea picha na sauti na kuendesha spika), geuza spika zako usome lebo ya nyuma. Risiva nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa spika za omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 6 hadi 8. Spika za zile seti za DVD zinazouzwa kila kitu boksi moja mara nyingi ni za omu 3 au 4. Ukizifunga kwenye risiva, amplifaya inavuta mkondo kuliko uwezo wake, inachemka, na ukipandisha sauti inajizima na kuandika PROTECT, yaani inajilinda. Sabufa ya seti hizo nayo kwa kawaida haina amplifaya ndani, hivyo tundu la sabufa la risiva haliwezi kuiendesha. Inatakiwa sabufa yenye waya wake wa umeme. Kama hizo ndizo ulizonazo, fedha nyingi iende kwenye spika. Risiva ya bei ya chini yenye spika nzuri itakupa raha kuliko risiva ghali yenye spika dhaifu.

Kwenye wati ndipo wanunuzi wengi wanapopigwa. Namba kubwa ya kwenye boksi mara nyingi imepimwa chaneli moja ikifanya kazi peke yake, kwa mlio mmoja wa kilohezi 1, spika ya omu 6, na THD (kiwango cha sauti kuharibika) ya asilimia 10, yaani sauti imeshakwaruza waziwazi. Tafuta kwenye karatasi ya vipimo mstari unaosema omu 8, hezi 20 hadi kilohezi 20, chaneli 2 pamoja, THD chini ya asilimia 0.1. Ukiisoma hivyo, risiva ya "wati 150" inaweza kushuka hadi wati 80 au chini yake. Usikate tamaa, hizo zinatosha sebule ya mita 4 kwa 5. Kuzidisha wati mara mbili kunapandisha sauti desibeli 3 tu. Spika yenye usikivu (sauti inayotoa kwa nguvu ile ile) wa desibeli 90 inahitaji nusu ya nguvu inayohitajika na ya desibeli 87, kwa hiyo usikivu wa spika uutazame kwa jicho lile lile unalotazamia wati.

Kuhusu idadi ya chaneli, 5.1 (spika tano na sabufa moja) inawatosha watu wengi. Chaneli 7 zilipie kama kweli utafunga spika mbili za darini kwa ajili ya Dolby Atmos, mfumo wa sauti inayotoka pia juu yako.

Sasa picha. Risiva haiboreshi picha. Kazi yake ni kuipitisha kama ilivyokuja. Kwenye menyu yake zima kila kinachodai kuikuza picha, kazi hiyo iachie televisheni. Unachotafuta ni HDCP 2.2, kinga ya kuzuia kunakili filamu, maana bila hiyo filamu za 4K zinashuka hadi 1080 au skrini inabaki nyeusi, na risiva za kabla ya 2014 hazina. Kisha HDMI 2.0a, inayobeba gigabiti 18 kwa sekunde, inatosha 4K ya fremu 60 kwa sekunde pamoja na HDR (picha yenye mwanga na giza la upana zaidi). Mwenye PS5 au Xbox Series X anayetaka fremu 120 ndiye anayehitaji HDMI 2.1, na huyo awe mwangalifu: baadhi ya risiva za kwanza za HDMI 2.1, za mwaka 2020, zilikuwa na chipu yenye kasoro iliyotia giza skrini kwa picha ya Xbox ya 4K ya fremu 120. Ukiuziwa iliyotumika ya mwaka huo, uliza kama ilirekebishwa.

Ipo njia ya kuokoa fedha. Kama risiva nzuri kwa sauti imepitwa na wakati kwa picha, chomeka vifaa kwenye televisheni moja kwa moja, sauti irudi kwenye risiva kwa ARC, tundu la HDMI linalorudisha sauti kutoka televisheni. ARC ya kawaida inabeba Dolby Digital Plus, pamoja na Atmos ya huduma za kutazama mtandaoni. eARC, toleo lake lenye uwezo mkubwa zaidi, inakuwa lazima ukiwa na diski za Blu-ray zenye sauti isiyobanwa kwa kupoteza ubora, kama TrueHD.

Risiva za mtumba kutoka Japani zinastahili macho mawili. Ni za volti 100. Ukichomeka kwenye 230 umeiua. Nunua transfoma ya kushusha volti yenye uwezo mara mbili ya wati zilizoandikwa nyuma: lebo ikisema 300, chukua VA (kipimo cha uwezo wa transfoma) 600 au zaidi. Za Marekani ni volti 120 na lebo huandikwa 60Hz; kwenye umeme wetu wa hezi 50 transfoma ya ndani itapata joto zaidi, wakati ya Japani kwa kawaida imeandikwa 50/60. Redio ya FM ya Kijapani nayo inaishia MHz 90 au 95, stesheni za juu yake hutazipata.

Dukani usiridhike na taa kuwaka. Chomeka king'amuzi kwenye kila tundu la HDMI, moja moja, kwa sababu bodi ya HDMI hufa kwa joto hata amplifaya ikiwa nzima. Fungua menyu ya mlio wa majaribio usikie kila chaneli, kisha iache nusu saa ikipiga. Dai maiki yake ya kupimia chumba. Ya kampuni nyingine itatoa vipimo vya uongo.

Ukifika nyumbani, zima feni, weka maiki kwenye stendi usawa wa masikio, upime. Vipimo vikiisha, rudi kwenye menyu: risiva hupenda kuziita spika "Large", yaani zinazobeba besi yote. Ziweke "Small" na mpaka wa besi hezi 80, besi ya chini yake iende kwenye sabufa. Waya wa spika uwe wa shaba, milimita za mraba 1.5 hadi mita 10, zaidi ya hapo 2.5. Ukwangue kwa kisu: ukionekana mweupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Sokota nyuzi vizuri kabla ya kufunga, maana unyuzi mmoja ukigusa tundu la jirani, PROTECT inarudi. Juu ya risiva acha sentimita 10 tupu, king'amuzi kisikae hapo.