Kuunda na kuondoa seva pepe kwa otomatiki: mwongozo wa hatua kwa hatua kutoka Mombasa

Mwongozo huu ni wa fundi mwenye seva kadhaa za chuma alizokwisha kuzigawanya kuwa seva pepe (mashine za programu zinazoishi ndani ya seva ya chuma), ambaye kila wiki huombwa mashine mpya na bado huziunda moja moja kwa kubofya kipanya. Ninaueleza kwa mpangilio tuliofuata katika kampuni moja kubwa ya uchukuzi hapa Mombasa, yenye kituo kimoja cha data Kisiwani na cha pili upande wa bara, njia ya Miritini. Zana zetu ni Proxmox VE, mfumo wa kuendeshea seva pepe, inayotegemea KVM, sehemu ya kuendesha mashine pepe iliyomo ndani ya kerneli ya Linux tangu mwaka 2007. OpenTofu, ambayo huunda mashine. Na Ansible, ambayo huzipanga kwa ndani. Anayetumia VMware, mfumo mwingine wa seva pepe, atapita hatua hizi hizi kwa amri tofauti, ingawa sisi tulihama baada ya Broadcom kuinunua kampuni hiyo Novemba 2023 na, mwezi uliofuata, kutangaza kwamba leseni za kudumu haziuzwi tena.

Hatua ya 1: Anza na kuondoa

Wengi huanza kwa kuotomatisha uundaji wa mashine, kwa kuwa ndiko kunakopendeza. Kwa maoni yangu huko ni kuanzia mwisho, kwa sababu mahali ambapo mashine hazifi, otomatiki huongeza kasi ya kujaza tu. Mkuu wetu wa fedha alituuliza swali moja mkutanoni: "Mbona kila mwezi mwaomba seva nyingine, na zile za mwaka jana zafanya nini?" Tulitazamana. Hakuna aliyekuwa na jibu.

Basi orodhesha kila mashine pamoja na mwenyewe, kazi yake, kumbukumbu iliyopewa na tarehe ya kumaliza muda wake, kisha uyaandike mambo mawili, mwenyewe na tarehe, kama lebo kwenye mashine yenyewe ndani ya Proxmox. Halafu andika hati fupi ya amri (script) itakayosoma lebo hizo kila Jumatatu. Mashine iliyopita tarehe yake, mwenyewe hupelekewa taarifa. Zikipita siku 14 bila jibu huzimwa. Zikipita siku 30 zaidi hunakiliwa kwenye hifadhi ya nakala rudufu, na nakala ikishahakikiwa, ndipo hufutwa. Usiiruke hatua ya kuzima, maana ndiyo inayofanya kazi kubwa: mtu aliyepuuza barua pepe tatu atakupigia simu asubuhi ileile mashine yake inapozimwa. Hati ikizima mashine, na iondoe pia agizo la kuwaka yenyewe seva mama (ile ya chuma inayozibeba) inapoanza, la sivyo stima ikikatika na kurudi utaikuta inafanya kazi kama kwamba hapakutokea kitu.

Hatua ya 2: Majina na anwani

Anwani zote za mtandao zitoke mahali pamoja, nasi tunatumia NetBox, programu ya kutunza rejista ya anwani na vifaa. Jedwali la Excel linalohaririwa na watu watano halifai. Jina la mashine libebe kituo, kazi na nambari, basi.

Hatua ya 3: Tengeneza kiolezo kimoja kilicho safi

Kiolezo ni mashine iliyosakinishwa mara moja, ambayo nyingine zote zitanakiliwa kutoka kwake, na programu iitwayo cloud-init huzipa jina, anwani na funguo zinapowaka kwa mara ya kwanza. Chukua taswira rasmi ya Ubuntu au Debian iliyotengenezwa kwa ajili ya wingu, iwashe, iongezee wakala wa QEMU (programu ndogo inayoiwezesha seva mama kuwasiliana na mashine iliyo ndani yake), kisha uisafishe kabla ya kuizima:

    apt install qemu-guest-agent
    cloud-init clean --logs
    truncate -s 0 /etc/machine-id
    rm -f /etc/ssh/ssh_host_*
    poweroff

Baada ya hapo, kwenye seva mama:

    qm template 9000

Mstari wa tatu ndio ulioniponza. Faili hilo lina nambari ya utambulisho ambayo kila mashine hujitengenezea inapowaka mara ya kwanza, na katika Ubuntu nambari hiyo hutumika kuunda kitambulisho kinachopelekwa kwa seva ya DHCP, inayogawa anwani za mtandao, wakati mashine inapoomba anwani. Mimi nilikiwasha kiolezo, nikasakinisha vitu vyangu, nikakizima bila kuifuta. Nikanakili mashine mbili, moja ya ankara na moja ya kufuatilia makontena, na kwa kuwa zote zilijitambulisha kwa nambari moja, DHCP ikaziona kuwa mashine moja na kuzipa anwani moja. Ukiita anwani ile, mara hujibu ankara, mara hujibu makontena. Nilibadilisha kebo, nikaishuku swichi, nikaianzisha swichi upya usiku wa manane, na ni karibu na alfajiri tu nilipoandika `cat /etc/machine-id` katika mashine zote mbili na kuona herufi 32 zinazofanana kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho.

Mstari wa nne una sababu inayokaribiana na hiyo: usipozifuta funguo za SSH za mashine (zinazoitambulisha kwa anayeingia kutoka mbali), nakala zote zitatumia funguo zilezile, na atakayeziiba kutoka moja ataweza kujifanya yoyote kati yazo.

Hatua ya 4: Eleza mashine kwa maandishi

Kuanzia hapa hakuna anayebofya. Kila mashine huelezwa katika faili la OpenTofu lililohifadhiwa katika Git, mfumo wa kutunza historia ya mabadiliko: kiolezo kipi, kumbukumbu kiasi gani, diski ya ukubwa gani, lebo zake zipi. Anayetaka mashine huomba badiliko, mwenzake hulikagua, na likikubaliwa ndipo huendeshwa `tofu plan` na baadaye `tofu apply`.

Lisome tokeo la `plan` neno kwa neno. Baadhi ya mabadiliko yanayoonekana madogo hayawezi kufanywa juu ya mashine iliyopo, na zana hupanga kuifuta na kuiunda upya. Alama yake ni `-/+`, na ni rahisi kuipita kwa macho katika mistari mia mbili. Kwa mashine za hifadhidata weka `prevent_destroy = true`, ili zana igome badala ya kutii. Faili la hali, ambamo OpenTofu hukumbuka ilichokiunda, lisikae kwenye kompyuta ya mtu binafsi: liweke katika hifadhi ya pamoja yenye kufuli na usimbaji fiche, kwa kuwa nywila zinaweza kubaki humo zikiwa wazi.

Hatua ya 5: Weka mipaka

Ukiwa na seva mama 4 zenye kumbukumbu ya GB 512 kila moja, usigawe zaidi ya GB 1,536, ili moja ikifa tatu zilizobaki ziweze kubeba mzigo wote. Kichakataji kinaweza kugawanywa kupita kilichopo, kwa kuwa mashine nyingi hukaa bila kazi. Kumbukumbu usiichezee hivyo. Acha hati ikatae ombi linalovuka mpaka, maana mashine haioni haya kumkatalia bosi.

Kila kituo kiwe na klasta yake, yaani kundi la seva mama zinazofanya kazi pamoja. Corosync, inayoziunganisha seva mama, hutaka ucheleweshaji mdogo sana wa mtandao na wingi wa kura (zaidi ya nusu ya seva mama ziwe zinawasiliana), na klasta moja iliyotandazwa Kisiwani na bara itayumba siku wachimbaji wa barabara watakapokata nyaya.

Hatua ya 6: Panga namna ya kuamka

Hatua hii nilifundishwa na fundi wa jenereta, mzee ambaye sote twamwita Ami. Alitukuta tunahangaika baada ya stima kurudi, seva zote zimewaka na hakuna programu inayofanya kazi, akasema, "Mwanangu, hata mimi siwashi viyoyozi vyote pamoja. Nawasha kimoja, nasikiliza, ndipo nawasha kingine." Tatizo letu lilikuwa hilohilo: programu ziliwaka kabla ya hifadhidata, na hifadhidata kabla ya seva ya majina (DNS), inayogeuza majina ya mashine kuwa anwani.

    qm set 101 --onboot 1 --startup order=1,up=60
    qm set 110 --onboot 1 --startup order=2,up=120
    qm set 120 --onboot 1 --startup order=3

Nambari 101 ni seva ya majina, 110 hifadhidata, 120 programu, na `up` ni sekunde za kusubiri kabla ya kuwasha inayofuata. Mpangilio huu haufuatwi na mashine zilizowekwa chini ya usimamizi wa HA wa Proxmox, unaoziwasha kwingine seva mama yao ikifa. Hizo, iagize programu yenyewe irudie kujaribu mpaka hifadhidata ijibu. Kisha zima kituo kizima Jumapili alfajiri, ukiwa umewaarifu wahusika, uwashe tena, na usiguse kitu kwa dakika kumi. Mara yetu ya kwanza mashine tisa hazikuamka, na saba kati yake hazikuwa na lebo ya mwenyewe.