Unataka jina la mahali libadilishwe, au unataka lisiguswe? Anzia hapa

Watu wakisikia jina la mji au mlima linataka kubadilishwa, moja kwa moja ni historia: nani alifika kwanza, nani alimdhulumu nani, babu zetu walipaitaje. Ubishi mtamu sana huo ila kwa kawaida sio hapo mambo yanapoamuliwa. Yanaamuliwa kwenye faili, yaani nani ana mamlaka, tangazo lilitoka lini, nani aliulizwa na majibu yake yako wapi. Kwa hiyo haya maelezo ni ya pande zote mbili, anayetaka jina jipya na anayetaka la zamani libaki, maana mlango wanaopitia ni ule ule.

Jambo la kwanza kabisa, jua jina unalolipigania ni la kitu gani. Hapa ndo wengi wanapotea. Jina la mtaa au barabara ndogo mara nyingi liko chini ya halmashauri au manispaa, mlima na mto na ziwa huwa chini ya bodi au kamati ya taifa ya majina kama nchi inayo, mji mara nyingi unaishia kwa waziri na tangazo kwenye gazeti la serikali, stesheni na uwanja wa ndege na shule ni mambo ya anayeviendesha, alafu jimbo la uchaguzi lina sheria zake kabisa. Vyote hivi vinaweza kubeba jina moja na ukibadilisha kimoja vingine vikabaki vilivyo. Angalia Marekani, mlima mrefu kuliko yote kule ulipewa rasmi jina la Mount McKinley mwaka 1917, ukawa Denali 2015, ukarudishwa Mount McKinley 2025, lakini hifadhi inayouzunguka imebaki Denali tangu 1980 kwa sababu jina la hifadhi liliwekwa kwa sheria ya Bunge mwaka huo na amri ya rais kuhusu mlima hailigusi. Sasa wewe upeleke barua yako ofisi isiyohusika uone itakavyokaa mezani.

Na tafadhali usiandike petisheni kwenda Umoja wa Mataifa. Wana kundi lao la wataalamu wa majina ya kijiografia, linaitwa UNGEGN, na mkutano wao mkubwa wa kwanza wa mambo haya ulifanyika Geneva mwaka 1967, lakini hawagawi majina wala hawaamui ugomvi. Kazi yao ni kuhimiza kila nchi iwe na chombo chake kinachoamua, tahajia ieleweke, na wengine waifuate. Nchi yenyewe ikibadili jina inaandika barua tu, kama Türkiye ilivyofanya 2022, na huko wanaandika jina hilo kuanzia hapo. Sisi mtaani tunaendelea kusema Uturuki, kama tunavyosema Misri na Uholanzi, na hakuna aliyekamatwa.

Google Maps nayo sio mamlaka. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipoagiza Ghuba ya Mexico iitwe Gulf of America, Google ikawaonyesha watu walioko Marekani jina jipya, walioko Mexico jina la zamani, na sisi wengine tukaonyeshwa yote mawili. Kwa hiyo skrinshoti ya simu sio ushahidi wa chochote.

Ukishajua ofisi yako, uliza swali ambalo watu wanaliruka: hili jina lilishawahi kupitishwa kweli? Kuna majina yanatumika miaka mia na hayajawahi kuwa rasmi. Bodi ya majina ya New Zealand ilikuja kugundua kwamba visiwa vyao viwili vikubwa, North Island na South Island, havikuwahi kupewa majina rasmi, viko kwenye kila ramani lakini karatasi hakuna. Ikabidi waanze mchakato, na 2013 wakapitisha ya Kiingereza na ya Kimaori pamoja, Te Ika-a-Māui na Te Waipounamu. Kama jina unalolichukia halina karatasi basi kazi yako imekuwa nyepesi, huombi kubadili, unaomba kusajili. Na kama ndo unalipenda, bora ulisajili mapema kabla mwingine hajaja na lake.

Sasa ushahidi. Hapa usione uvivu. Tafuta ramani za zamani zenye mwaka, hati za ardhi, vitabu vya ubatizo au vya msikiti, mihtasari ya vikao, magazeti, barua. Wazee wakisimulia warekodi kwa ruhusa yao na uandike nani alisema nini na lini, maana "wazee wanasema" bila jina la mzee ni hewa. Kila kopi iandike ilikotoka. Kama ugomvi ni wa tahajia ndo uwe makini zaidi, herufi moja inaweza kula miaka: kule New Zealand mji wa Wanganui uligombaniwa herufi h tu, bodi ikasema iwepo, waziri mwaka 2009 akaamua zote mbili ziruhusiwe, na mpaka 2015 ndo jina la wilaya yake nalo likabadilishwa kuwa Whanganui. Herufi moja jamani.

Kabla hujajaza fomu soma kanuni za majina za ofisi hiyo. Zinafanana sehemu nyingi: jina lisifanane na la jirani maana gari la wagonjwa litapotea, lisiwe la kampuni, lisiwe tusi kwa kundi fulani, lisomeke. Majina ya watu ndo yana masharti makali, bodi ya Marekani kwa mfano inataka mtu awe amekufa angalau miaka 5 ndo wafikirie kumpa mlima, na mimi naona ni sheria ya busara sana. Ukitaka kujua kwanini muulize mtu wa Kazakhstan, mji mkuu wao Astana uliitwa Nur-Sultan mwaka 2019 kwa heshima ya rais aliyekuwa ametoka tu madarakani na yuko hai, upepo ukageuka, na 2022 ukarudi kuwa Astana. Vibao, mihuri, tiketi za ndege, vyote mara mbili ndani ya miaka mitatu.

Alafu kushirikisha watu, na hapa ndo maombi mengi yanafia kwa hiyo nitakaa kidogo. Sio mkutano mmoja wa watu mnaokubaliana mkapiga picha. Inatakiwa tangazo lionekane, kwa lugha ambayo wenyeji wanaisoma, muda wa kujibu utolewe, wapinzani wasikike na majibu yao yawekwe kwenye faili hata kama yanawakera. Afrika Kusini kuna mji unaitwa Louis Trichardt, waziri alikubali uitwe Makhado, waliopinga wakaenda mahakamani, wakashindwa ngazi ya chini, wakakata rufaa, na mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa ikafuta uamuzi wa waziri. Mahakama haikusema Makhado ni jina baya, ilisema ushirikishwaji haukutosha. Basi. Jina lilianguka kwa sababu ya mikutano ambayo haikufanyika vizuri, na upande wa jina jipya huenda walikuwa na historia nzuri tu ya kusimulia.

Kama wewe ndo unapinga, hapo umeshaona pa kushika. Cha kwanza ni tarehe. Tangazo likitoka kwenye gazeti la serikali siku zinaanza kuhesabiwa, sheria ya Afrika Kusini inakupa mwezi mmoja kumwandikia waziri malalamiko, kwingine muda ni tofauti, na ukichelewa hata hoja yako iwe ya dhahabu hawana wajibu wa kuisoma. Andika kwa maandishi, pata muhuri wa kupokelewa, taja namba ya tangazo, sema unaathirika vipi, alafu eleza hatua gani ya sheria imerukwa. Matusi acha nje. Na gharama zitaje kwa uangalifu kwa sababu kila mpinzani anasema "gharama" na wao wameshazoea, wewe waonyeshe vibao vingapi, karatasi zipi, nani atalipa.

Mkikwama pande zote mbili kuna njia ya majina mawili. Mwamba mkubwa wa Australia uliandikwa Ayers Rock / Uluru mwaka 1993, kisha 2002 wakageuza ukawa Uluru / Ayers Rock, na watu wakazoea wenyewe taratibu. Wengine wanaidharau hii njia, wanaiita woga. Mimi naona inafaa pale ambapo majina yote mawili yanatumika kweli kweli, ila kama moja limekufa zamani ni kujaza kibao tu.

Kuna kitu fomu haitakuambia, siasa. Jimbo la Alaska, ulipo ule mlima wa Marekani, liliomba uitwe Denali mwaka 1975. Mbunge wa Ohio, alikotoka rais McKinley, akawa kila mara anapeleka muswada wa kulinda jina la McKinley, na bodi ina desturi ya kutogusa jina lililoko mbele ya Bunge, hata muswada wenyewe usipopigiwa kura. Miaka 40 faili limelala. Kwa hiyo ulizia mapema nani anaweza kukufungia njia bila hata kukushinda, ukamwone kabla hujapeleka.

Bahari na mipaka usijaribu peke yako, haina ofisi. Bahari iliyo kati ya Japan na Korea, Wakorea wanataka iitwe Bahari ya Mashariki badala ya Bahari ya Japan na wamelibeba suala hilo kwenye mikutano ya Umoja wa Mataifa tangu 1992, na kitabu cha kimataifa cha mipaka ya bahari kilikwama kwenye toleo la 1953. Mwaka 2020 shirika husika likaamua mfumo mpya wa kidijitali utumie namba badala ya majina.

Ukishinda na tangazo likatoka, chukua nakala kadhaa za gazeti hilo uzipeleke mwenyewe posta, ofisi ya ramani, ya ardhi, polisi na zimamoto, maana mara nyingi hawaambiani. Hati za zamani kwa kawaida haziharibiki kwa jina kubadilika lakini ulizia uhakika wa maandishi. Kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayoandikwa na watu wenyewe, unaweza kurekebisha mwenyewe, kuna sehemu ya jina rasmi na sehemu ya jina la zamani, na la zamani usilifute, liweke huko ili anayelitafuta bado apapate.